Afya ya Mbwa Walio Pamoja Hulindwa Langoni

Hotuba kwa wamiliki wa mbwa na wahudumu wa vituo vya kutwa, Mbeya, katika Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, madaktari na maofisa mifugo mliopo, wamiliki wa mbwa, nanyi vijana mnaotunza mbwa wa watu kwa mshahara: shikamooni wakubwa zangu, na wengine nawasalimu kwa heshima.

Leo ni tarehe 28 Septemba, siku ambayo dunia imeitenga kwa ajili ya kukumbushana habari za kichaa cha mbwa, kwa kuwa ndiyo tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, ambaye yeye na wenzake walitengeneza chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo. Nimeombwa nieleze namna ya kulinda afya ya mbwa wanaokaa pamoja mchana, katika vituo ambavyo wenyewe huwaacha asubuhi wanapokwenda kazini na kuwachukua jioni. Kazi hiyo nimeifanya hapa Mbeya kwa miaka 11. Nilianza na mbwa wawili wa jirani yangu, mfanyabiashara wa Mwanjelwa aliyekuwa akitoka alfajiri na kurudi usiku, ambaye mbwa wake walikuwa wakiruka ukuta, wakishinda jalalani na kurudi na majeraha. Akaniomba nikae nao mchana. Baada ya miezi michache wakaja wengine, na kabla sijajua nimeingia katika kazi gani, uani kwangu palikuwa na mbwa 14.

Nasema kabla sijajua, kwa sababu kutunza mbwa 14 si sawa na kutunza mbwa mmoja mara 14. Mbwa aliye peke yake nyumbani akiugua, anaugua yeye. Mbwa aliyeletwa kwenye kundi ananusa mikia ya wenzake, anakunywa bakuli walilokunywa, analala juu ya majani waliyojisaidia jana, na anakohoa mahali ambapo kumi na watatu wengine wanavuta hewa. Kila ugonjwa nitakaoutaja leo unapita katika mojawapo ya njia hizo, na kila kinga ninayoifahamu inaanzia mahali pamoja, yaani langoni, kabla mbwa hajaingia. Sehemu ngumu ya kazi hii ni kumwambia mtu mnayeheshimiana kwamba leo mbwa wake haingii.

Mimi mwenyewe niliwahi kushindwa kusema neno hilo, na naomba niwasimulie, maana nililipa gharama kubwa kujifunza.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili, mwezi wa Machi, mvua zikiwa zimeshika. Mama mmoja tuliyesali pamoja alikuja Jumatatu asubuhi na mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, mweusi, mwenye doa jeupe kifuani, amembeba ndani ya kanga. Alikuwa amepata msiba Tukuyu na gari lilikuwa linamsubiri. Nikaomba kadi ya chanjo, nikaona sindano moja tu, iliyochomwa zaidi ya mwezi mmoja kabla. Nilijua kwamba haitoshi. Lakini mtu mwenye msiba, na gari linapiga honi, na yule mtoto wa mbwa anakulamba mkono! Nikampokea, nikamweka pamoja na wenzake wadogo watano.

Jumatano jioni hakula. Alhamisi asubuhi nilimkuta amejikunja kwenye kona, ametapika povu la njano, na chini yake kuna uharo wenye damu, wenye harufu ambayo aliyewahi kuinusa hawezi kuisahau. Nilimwita daktari wa mifugo, akamtundikia dripu, akafa usiku wa Ijumaa. Wiki iliyofuata wakaanza wengine. Katika wale watano ambao nao walikuwa hawajamaliza chanjo zao, watatu walikufa. Mbwa wakubwa wote waliokuwa na chanjo kamili, ambao walikuwa wakipita mahali palepale, hakuna hata mmoja aliyeugua. Mmoja wa wale waliokufa alikuwa wa mtoto wa darasa la nne, ambaye alikuja na baba yake kuchukua mkanda wa shingoni. Hakuniuliza kitu. Alikaa kwenye ngazi akiufunga na kuufungua ule mkanda mpaka baba yake alipomwinua.

Ugonjwa huo ni parvo. Ulitokea duniani mwaka 1978 na ndani ya muda mfupi ukaenea mabara yote, kwa sababu virusi vyake vinatoka kwa wingi mno katika kinyesi, na vinaanza kutoka kabla mbwa hajaonyesha dalili. Kwa maana hiyo yule mtoto wa mbwa alipokuwa akicheza Jumanne kwa furaha, alikuwa tayari anaumwagia ugonjwa uwanja wangu. Udongo wenye unyevu na kivuli, kama ulivyo wetu huku nyanda za juu, unaweza kuvihifadhi virusi hivyo kwa miezi mingi, hata kupita mwaka. Vinasafiri kwenye soli za gambuti, kwenye ndoo, kwenye fagio na kwenye mikono ya mhudumu.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa langu la pili. Nilikuwa na fagio moja na ndoo moja kwa mabanda yote, na nilidhani ninasafisha kwa kuwa nilikuwa nikimwaga Jik sakafuni kila jioni. Nilikuwa naimwaga juu ya uchafu. Klorini ikikutana na kinyesi, udongo au mkojo inapoteza nguvu yake hapohapo, kwa hiyo sakafu inanukia usafi ilhali virusi viko hai. Kwanza ondoa kinyesi, pili sugua kwa maji na sabuni mpaka sakafu ionekane, tatu suuza, na ndipo uweke dawa. Kipimo kinachofundishwa kwa parvo ni sehemu 1 ya dawa hiyo kwa sehemu 30 za maji, iliyochanganywa siku hiyohiyo, ikae sakafuni ikiwa mbichi kwa dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Mimi natumia sehemu 1 kwa 20, kwa sababu chupa iliyokaa dukani muda mrefu hupungua makali. Majani na udongo havioshwi kwa Jik. Nilichofanya kwangu ni kuchimbua majani yote ya ule upande, kumwaga zege, na kuacha jua na muda vifanye kazi iliyobaki. Sikupokea mtoto wa mbwa hata mmoja mwaka mzima.

Sasa kuhusu sindano moja isiyotosha, maana hapa ndipo wamiliki wengi wanapokwama na kudhani kwamba tunawatafutia gharama. Mtoto wa mbwa anapata kinga ya kwanza kutoka kwenye maziwa ya mwanzo ya mama yake. Kinga hiyo inamlinda, lakini pia inaizuia chanjo isifanye kazi, na inapungua taratibu kwa kasi inayotofautiana kati ya mbwa na mbwa. Mmoja itamwishia akiwa na wiki nane, mwingine wiki kumi na nne. Kwa kuwa hakuna anayeweza kuijua siku hiyo kwa kumtazama, chanjo huanza kati ya wiki 6 na 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16, kisha ikarudiwa baada ya takriban mwaka. Tunarudia ili tusimkose pale kinga ya mama inapokwisha. Kwangu hakuna anayeingia kwenye kundi kabla ya wiki mbili kupita tangu sindano ya mwisho. Najua wapo wenzangu wanaosema kwamba mtoto wa mbwa asipozoea wenzake mapema atakua mwoga au mkali, na wana haki ya kusema hivyo. Jibu langu ni kwamba mzoesheni nyumbani, pamoja na mbwa mmoja mkubwa mnayemfahamu na mwenye chanjo kamili, na msimzoeshe kwa kumleta penye mbwa 14.

Wazee wetu walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mbwa mgeni naye ana banda lake la pembeni, bakuli lake na fagio lake lenye alama nyekundu, na wiki yake ya kwanza anakaa huko tukimwangalia.

Niwaeleze kinachofanyika langoni kwetu kila asubuhi, kati ya saa 1 na saa 2 na nusu. Kabla sijamgusa mbwa, namtazama anavyotembea kutoka barabarani, kwa kuwa mbwa anayeumwa mwendo wake unasema mapema. Kisha namtazama macho na pua kama vina utando au usaha. Nainua mdomo wa juu, nabonyeza ufizi kwa kidole gumba mpaka paonekane peupe, nakiondoa na kuhesabu moja, mbili. Rangi ya waridi lazima iwe imerudi kabla sijamaliza mbili. Ufizi uliopauka unanipeleka kwenye kupe au minyoo, wa manjano unanipeleka kwenye ini. Nanusa masikio. Napitisha vidole katikati ya vidole vyake vya miguu, mahali kupe wanapopenda kujificha, kisha nainua mkia. Wakati huo namuuliza mwenyewe mambo matatu: amekula jana usiku, choo chake kilikuwaje, na kama ametapika au kukohoa. Nikiwa na wasiwasi napima joto, nikijua kwamba la mbwa mzima liko kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo, juu ya la mtu. Yote hayo hayachukui dakika tatu. Mwenye mbwa ataniambia, "Mama, jana alikuwa mzima kabisa," nami namjibu kwa upole kwamba naamini, na kwamba leo arudi naye nyumbani au ampitishe kwa daktari.

Katika miezi ya Juni na Julai, baridi inapokuwa kali na watu wanafunga mabanda kila upande ili mbwa wasipigwe na upepo, hutokea kikohozi kikavu kama cha mbwa aliyekwamwa na mfupa. Kinaenezwa kwa hewa, dalili zake huweza kuchelewa hadi wiki mbili, na mara nyingi si cha kuua. Anayekohoa akae kwao mpaka wiki mbili zipite. Mabanda yapitishe hewa kwa juu, na mbwa wapewe majani makavu au mbao za kulalia badala ya saruji tupu.

Masika na maji yaliyotuama ni habari nyingine, nami naitaja kwa uzito zaidi kwa sababu inatuhusu na sisi wenyewe. Mwaka 2022, kule Ruangwa mkoani Lindi, waliugua watu 20 na watatu wakafariki kwa ugonjwa ambao Wizara ya Afya iliutangaza kuwa homa ya mgunda. Bakteria wake wanakaa katika mkojo wa panya na wanyama wengine, wanaingia mwilini kupitia mchubuko au maji machafu, na mbwa anaupata kwa njia hiyohiyo na kuutoa katika mkojo wake. Panya hawafuati mbwa. Wanafuata chakula kilichobaki kwenye mabakuli. Kwa hiyo mabakuli yetu yanainuliwa dakika 20 baada ya kulishwa, unga unakaa kwenye pipa lenye mfuniko, madimbwi yanafukiwa, na anayeosha mabanda anavaa gambuti na glavu hata kama ni jua. Iko chanjo ya mbwa dhidi ya baadhi ya aina za bakteria hao. Muulizeni daktari wenu.

Kuhusu kupe nitasema machache. Kupe wa kahawia wa mbwa anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyufa za ukuta na mianya ya mbao, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Kwa hiyo ukimwogesha mbwa bila kuziba mianya na kupulizia banda, umefanya nusu ya kazi. Nawasihi pia msichukue dawa ya josho la ng'ombe na kumwogeshea mbwa kwa kukadiria kwa jicho. Minyoo nayo ina ratiba yake: watoto wa mbwa wapewe dawa kila wiki mbili kuanzia wiki ya pili ya maisha hadi wiki ya 12, na wakubwa kila miezi mitatu, kwa kipimo cha uzito.

Chakula nakitaja kwa uchungu. Mkoa wetu na jirani zetu wa Njombe, Iringa na Songwe tunalima mahindi kwa wingi, na kuna mazoea ya zamani kwamba mahindi yaliyonyeshewa yakaota ukungu yasagwe yawe ya mbwa. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, sumu ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo kwa urahisi. Kuupika ugali hakuiondoi. Mbwa anaacha kula, anatapika, macho na ufizi vinageuka manjano, na ini likishaharibika hakuna tunachoweza kukirudisha. Kama mahindi hayafai kuliwa na mtoto wako, hayafai kwa mbwa. Ongezeni pia tahadhari ya kokwa la parachichi, hasa ninyi mnaotoka Rungwe ambako yanaanguka tu chini ya miti: mbwa anacheza nalo kama mpira, analimeza, na linaziba utumbo.

Mapigano ni sehemu ya afya, kwa sababu jeraha la meno huonekana dogo juu na kuoza ndani. Kila mbwa ale mahali pake. Mhudumu mmoja asipewe zaidi ya mbwa 10. Na jike aliye kwenye joto abaki kwao, kwanza kwa sababu madume watapigana, na pili kwa sababu kuna uvimbe wa saratani unaoambukizwa mbwa kwa mbwa wakati wa kupandana na hata kwa kulamba. Mbwa waliohasiwa wanatupunguzia yote mawili.

Sasa nirudi kwenye siku yenyewe. Inakadiriwa kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na karibu nusu wakiwa watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, mtu karibu hana namna ya kupona. Lakini jamii inayochanja angalau asilimia 70 ya mbwa wake na kuendelea kuchanja inauzima ugonjwa huo, na ndiyo maana lengo la kufikia mwaka 2030 bila kifo cha mtu kwa sababu ya mbwa linaweza kufikiwa. Mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Kwetu kadi iliyopitwa na siku moja haifungui lango.

Nyinyi wahudumu, naomba mnisikilize kwa makini. Kichaa hakianzi kwa ukali wakati wote. Mara nyingine mbwa mpole anakuwa mnyamavu, anatafuta giza, sauti yake inabadilika, taya linalegea na mate yanachuruzika, na mtu mwenye huruma anaingiza mkono mdomoni akidhani kuna mfupa umekwama. Msiingize mkono. Mfungieni mlango, mwiteni daktari. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 mkitazama saa, si kwa kukisia, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Mbwa mwenyewe asiuawe kwa mawe na kutupwa; akionekana mzima afungiwe na kuangaliwa na mtaalamu kwa siku 10, na akifa mtaalamu ndiye achukue sampuli, kwa kuwa Wakala wa Maabara ya Veterinari ana kituo Iringa na jibu la maabara linaamua maisha ya walioumwa. Na ninyi wenye vituo, wachanjeni wahudumu wenu kabla ya ajali.

Kuna jambo moja ambalo watu wa mjini tunalisahau. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao mbwa wetu wanauambukizana kwa kukohoa na kupiga chafya, uliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba. Sisi tuna Ruaha jirani, yenye simba na mbwa mwitu, hao mbwa mwitu wakiwa miongoni mwa wanyama walao nyama walio hatarini zaidi Afrika. Mbwa anayeshinda kituoni Mbeya wiki nzima na kupelekwa shamba la babu mpakani mwa hifadhi mwisho wa mwezi anabeba chochote tulichokiruhusu kipite langoni. Chanjo ya distempa imo katika sindano ileile ya parvo, kwa hiyo anayemaliza moja amemaliza zote mbili.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka kila anayemshika mnyama amtunze ipasavyo, na neno hilo linatuhusu sisi tunaomshika kwa saa kumi kwa siku sawa na linavyomhusu mwenye mbwa. Siombi kituo kiwe na vigae. Naomba kiwe na lango, daftari, maji ya bomba, banda la pembeni, na mtu mmoja mwenye moyo wa kukataa.

Muda wangu umekwisha na maofisa mifugo wameshapanga meza ya chanjo pale chini ya mti, kwa hiyo waliokuja na mbwa wajipange kwa umbali wa hatua tatu tatu, kamba mkononi. Mbwa wangu Simba amelala hapa pembeni ya jukwaa tangu nianze kuzungumza. Ana miaka tisa na amezoea mikono ya watu. Anayetaka kujifunza kutazama ufizi apite mmoja mmoja, anawe kwanza kwenye ndoo ile, ainue mdomo wake taratibu, abonyeze kwa kidole gumba, na ahesabu moja, mbili.